Maji membamba kama chelewa

Saa sita na robo mchana, nyumba moja ya Chikongola, Mtwara mjini. Sufuria kubwa iko chini ya koki ya jikoni. Mama mwenye nyumba amekwisha kuchambua mchele, kamenya vitunguu, kakuna nazi mbili, na sufuria bado haijafika nusu. Maji yanashuka membamba kama chelewa la fagio. Nje, hatua chache kutoka dirisha la jiko, mtoto anajaza ndoo kwenye koki ya uani, na ile inavuma mpaka maji yanaruka nje ya ndoo.

"Presha hakuna," anasema mama. "Fundi kasema tupandishe mnara wa tanki, au tununue pampu."

Ni neno hilo, presha, lililonikaa kichwani wiki nne nzima.

Mtu akienda zahanati akaambiwa ana presha, kwanza amefungwa kile kitambaa mkononi, kimejazwa upepo, na namba imeandikwa kwenye daftari. Koki ya jikoni hupewa ugonjwa huo huo kwa kutazamwa tu. Maji yakiwa machache, presha. Yakitoka kwa kukohoa, presha. Na dawa yake ni ileile siku zote: saruji, nondo, au mashine ya umeme.

Hakuna aliyepima.

## Nyumba moja, maji mawili

Ile koki ya uani ndiyo inayopotosha watu wengi. Inavuma, kwa hiyo mtu anasema maji yapo ila hayafiki jikoni. Lakini katika nyumba nyingi za Mtwara na Lindi, laini inayotoka kwenye mita hupita uani kwanza, kisha hupanda kwenye tanki na kuishia kwenye boya. Jiko, choo na bafu hula kutoka tankini. Koki ya uani inasukumwa na mtandao wa mtaa, ya jikoni inasukumwa na uzito wa maji yaliyokaa juu ya mnara. Hizo ni nguvu mbili tofauti kabisa, na kuzilinganisha ni sawa na kulinganisha mtumbwi wa tanga na boti ya injini kwa sababu tu zote zimetoka pwani moja.

Kujua koki ipi ni ya wapi ni rahisi. Funga valvu ya kutokea tankini, fungua koki zote mbili. Itakayokufa baada ya bomba kumaliza maji yake ndiyo ya tanki.

Na hata kama zote mbili zinatoka tankini, ya uani mdomo wake uko sentimita 40 kutoka chini, ya jikoni uko zaidi ya mita moja. Kwa mnara mfupi, tofauti hiyo si ndogo.

## Hesabu ya kimo

Maji yaliyosimama kwenye bomba kwa kimo cha mita 10 husukuma chini yake kwa takriban bar 1 (bar ni kipimo cha presha). Kila mita moja, sehemu moja ya kumi. Haijalishi tanki ni la lita 500 au lita 5,000. Upana wa tanki hauongezi kitu, kinachohesabika ni kimo.

Tuchukue ile nyumba ya Chikongola. Kitako cha tanki kiko mita 3 juu ya sakafu ya jiko. Tanki likiwa na maji ya nusu mita ndani, uso wa maji uko mita 3.5. Mdomo wa koki uko mita 1.1. Toa, inabaki mita 2.4, yaani bar 0.24.

Sasa angalia boksi la miksa ya jikoni, koki ya kuchanganya maji ya moto na baridi, ile ya shingo ndefu ya kung'aa yenye mkono mmoja juu. Viwanda vingi hupima miksa zao kwenye bar 3. Hiyo ni sawa na tanki lililowekwa mita 30 juu ya koki, jengo la ghorofa kumi hivi. Tuseme boksi limeandikwa lita 12 kwa dakika. Maji hayapungui kwa uwiano wa moja kwa moja na presha, hufuata mzizi wake wa pili, yaani kipeuo cha pili. Gawa 0.24 kwa 3, unapata 0.08, mzizi wake ni kama 0.28. Zidisha kwa 12: lita 3.4 kwa dakika. Na hapo hatujahesabu msuguano wa bomba, elbo wala valvu hata moja.

Hapo ndipo wazo langu la kwanza lilipotikisika. Nilikuwa nimejiandaa kusema fundi amekosea. Hakukosea. Presha kweli ni ndogo.

Lakini mzizi huohuo wa pili ndio unaoikataa dawa yake. Pandisha mnara kutoka mita 3 hadi mita 5, kazi ya nguzo, zege, mafundi wawili na kushusha tanki lote. Kimo kinatoka mita 2.4 kwenda mita 4.4. Maji yanaongezeka kwa theluthi moja na kidogo tu. Chelewa linakuwa chelewa nene. Ukitaka maji yawe maradufu, kimo lazima kiwe mara nne: hapo Chikongola kitako cha tanki kingepaswa kukaa juu zaidi ya mita 10.

Kwa hiyo swali linageuka. Kama presha ni ndogo na itabaki kuwa ndogo, ni nini kati ya tanki na sufuria kinachoila?

## Ndoo na saa

Kipimo hakihitaji kifaa. Chukua ndoo ya lita 10 na simu yenye saa ya kuhesabia. Koki nyingine zote zifungwe, boya la choo liwe limetulia, koki ya jikoni ifunguliwe mpaka mwisho. Hesabu sekunde mpaka ndoo ijae. Gawa 600 kwa sekunde hizo, jibu ni lita kwa dakika.

Jiko la kawaida linaridhika na lita 5 au 6. Chini ya 3, kuosha vyombo kunakuwa adhabu.

Pale Chikongola ndoo ilijaa kwa dakika 6 na sekunde 10. Lita 1.6 kwa dakika. Ndogo hata kwa hesabu ya lita 3.4 tuliyoifanya juu, na pengo hilo ndilo linalosema kuna kitu kimeziba. Andika namba hiyo kwa penseli ndani ya mlango wa kabati la sinki. Kila hatua inayofuata, pima tena, andika chini yake. Fundi anayekataa kupima kati ya hatua na hatua anakutengenezea koki kwa kubahatisha, hata kama ni hodari.

## Mdomoni

Anza mwisho wa safari, siyo mwanzo. Mdomoni mwa koki kuna kichujio kidogo cha duara kinachochanganya maji na hewa ili yashuke laini bila kuruka. Vingi ni vya milimita 22 au 24. Cha 22 hujifunga kwa nje ya mdomo wa koki, cha 24 huingia ndani yake. Ukikitazama kutoka chini, kizungushe kinyume cha mwendo wa saa. Kikikataa, kizungushie kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, kisha ndiyo ukishike kwa plaizi. Plaizi ikigusa chuma chenyewe inakwangua ile rangi ya kung'aa, na kutu itaanzia hapohapo, hasa nyumba za karibu na bahari kama Shangani.

Ziba tundu la sinki kwa kitambaa kabla hujakifungua. Ndani mna vipande vitatu au vinne vidogo, na sinki lina njaa.

Vipige picha kwa mpangilio wake: mpira juu, wavu, kisahani cha plastiki chenye matundu, gamba. Baadhi vina kijiplastiki cha ziada, mara nyingi cha rangi, kazi yake ni kubana maji kwa makusudi ili nyumba yenye presha kubwa isipoteze maji. Kwenye nyumba ya tanki, hicho ni adui. Kitoe ukitupe.

Utakachokuta humo kinategemea unaishi wapi. Mjini Mtwara, Mikindani na kando ya pwani ya Lindi, mara nyingi ni ukoko mweupe mgumu. Yale mawe ya matumbawe yaliyojengea majumba ya kale ya Mikindani, na chokaa iliyochomwa kutokana nayo, ni ndugu wa ukoko huo. Maji yakipita ardhini kwenye mawe ya aina hiyo huyayeyusha kidogo kidogo, kisha huyatua kwenye birika la chai na mdomoni mwa koki. Juu ya uwanda wa Makonde, Newala au Tandahimba, penye nyumba zinazokinga mvua kwenye mabirika, mambo ni mengine: vumbi la bati, vipande vya majani, tope laini jekundu, na hali huwa mbaya zaidi baada ya mvua za kwanza za Novemba na Desemba kama yale maji ya mwanzo hayakumwagwa.

Siki itakuambia ni kipi. Tia kichujio kwenye kikombe cha siki nyeupe. Kikitoa mapovu madogo, ni chokaa, kiache nusu saa hadi saa moja, kisha sugua kwa mswaki wa zamani. Ndimu tatu zilizokamuliwa kwenye maji ya moto kidogo hufanya kazi hiyo pia, polepole zaidi. Kisipotoa povu, ni mchanga au kutu, na siki haina la kufanya. Pindua kichujio, pulizia maji kutoka upande wa chini, toboa kwa sindano.

Mambo mawili ya hatari. Usichanganye siki na jiki, mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini na jiko ni chumba kidogo. Na usitumie maji ya betri, hata kama fundi ameyazoea: yanakula ukoko, halafu yanaanza kula koki.

Kichujio cha Chikongola kilikuwa kimeziba zaidi ya nusu. Bila kichujio ndoo ilijaa kwa dakika 3 na sekunde 40. Lita 2.7.

Watu wengi wangeishia hapo wakashukuru. Lakini 2.7 bado ni adhabu.

## Chini ya sinki

Fungua kabati. Kutoka ukutani utaona ango valvu, valvu ndogo ya kona, na kutoka hapo mpira wa fleksibo unaopanda hadi kwenye koki. Jambo la kwanza ni la aibu kidogo: zungusha ango valvu uone kama imefunguliwa yote. Mara nyingi mtu aliifunga kurekebisha kitu, akairudisha nusu. Zile ambazo mkono wake huzungushwa mizunguko kadhaa zina mpira ndani, na mpira ukikatika kwenye kitako chake hukaa juu ya tundu kama kifuniko. Mkono unazunguka, wewe unaona imefunguka, ndani bado imefunika. Nyingine zina wavu mdogo upande wa kutokea maji, na wavu huo hujaa mchanga kila maji ya mgao yanaporudi baada ya bomba kukaa tupu.

Sasa kipimo chenyewe. Funga ango valvu, fungua fleksibo upande wa koki kwa spana malaya, elekeza ncha yake kwenye ndoo, fungua valvu, hesabu sekunde.

Na hapa kuna mtego ambao hata mafundi wazoefu hunaswa nao. Ndoo iko chini kwenye sakafu, kwa hiyo ncha ya mpira iko chini karibu mita moja kuliko mdomo wa koki. Kwenye nyumba ya mita 2.4, umejiongezea kimo kwa zaidi ya theluthi. Maji yatamwagika kwa furaha, fundi atasema "umeona, koki ndiyo mbovu," na huenda si kweli. Inua ncha ya fleksibo hadi usawa wa mdomo wa koki, weka ndoo juu ya meza, ndipo upime. Kama mpira haufiki, funga wa kuazima ulio mrefu zaidi.

Pima kwa usawa mmoja, au usipime.

Fleksibo yenyewe pia ni mshukiwa. Kwa nje inaonekana nene, lakini tundu la ndani mara nyingi ni milimita 8, na kwenye shingo ya kiungio ni dogo kuliko hapo. Ikikunjwa kwa kona kali nyuma ya sinki, mpira wa ndani hujibana huku waya wa nje ukionekana mzima. Ya bei rahisi huvimba kwa ndani baada ya miaka michache. Mwanga wa simu upande mmoja, jicho upande wa pili: tundu lionekane duara.

Chikongola, ango valvu ilikuwa na mchanga kwenye wavu. Ulisafishwa, koki ikarudishwa, ndoo ikajaa kwa dakika 3 kamili. Lita 3.3. Kisha fleksibo ikapimwa peke yake, bila koki, ncha ikiwa usawa wa mdomo: dakika 1 na nusu. Lita 6.7.

Maji yale yale, bomba lile lile, tanki lile lile, kimo kile kile.

## Moyo wa miksa

Ndani ya miksa ya mkono mmoja mna katriji, kitu cha plastiki chenye visahani viwili vya kauri vinavyoteleza kimoja juu ya kingine. Nyingi ni za milimita 35 au 40. Juu ya mkono kuna kifuniko kidogo chekundu na buluu. Kibandue kwa kisu, ndani kuna skrubu ya kufunguliwa kwa alenki ndogo. Toa mkono, toa gamba, fungua nati kubwa, katriji itatoka. Kabla ya yote hayo funga ango valvu, la sivyo utaogea jikoni.

Chembe moja ya mchanga au unyoya wa plastiki uliobaki wakati bomba linakatwa kwa msumeno unatosha kuziba nusu ya njia ya katriji. Isafishe, angalia oringi (pete za mpira) tatu za kitako, paka mafuta ya silikoni, siyo mafuta ya kupikia. Ikiwa kauri ina mkwaruzo, nunua nyingine, na uende na ya zamani dukani mkononi. Namba kwa simu haitoshi, kuna za miguu mirefu na mifupi.

Kuna kosa lingine la miksa ambalo kwetu ni la kawaida kwa sababu nyumba nyingi hazina bomba la maji ya moto. Fundi huunganisha upande wa baridi tu, ule wa moto anauziba. Mkono ukikaa katikati, nusu ya njia inakula kwenye tundu lililozibwa. Ugeuze mkono wote upande wa baridi ndipo ufunguliwe. Au fanya vizuri zaidi: weka tii, kiungio cha njia tatu, chini ya sinki, ulishe pande zote mbili kwa maji hayohayo ya baridi. Fleksibo mbili za milimita 8 hupitisha zaidi kuliko moja, na mkono ukiwa katikati unapata njia zote mbili.

Chikongola katriji ilikuwa safi. Mkono uligeuzwa upande sahihi. Hakuna kilichobadilika.

Ilibaki kukubali kwamba miksa haikuwa mbovu. Ilikuwa nzima na inafanya kazi yake sawasawa, ila kazi hiyo ni ya nyumba yenye bar 3. Njia zake za ndani ni nyembamba kwa makusudi. Kuiweka kwenye tanki la mita 2.4 ni kumnywesha ng'ombe kwa mrija.

## Lililofichwa ukutani

Kama fleksibo iliyopimwa kwa usawa ingetoa maji haba vilevile, basi kosa lingekuwa nyuma yake, na hapo safari inakuwa ndefu.

Anza na valvu ya tanki. Geti valvu za shaba nyepesi zina ugonjwa wake: geti la ndani hukatika kutoka kwenye mkono, likabaki limening'inia nusu. Mkono unazunguka bila mwisho na hakuna kinachofunguka. Ukiibadilisha weka boli valvu ya tundu kamili, yaani ukiifungua unaona ng'ambo bila ukingo wowote kuingia njiani.

Kisha unene wa bomba. Bomba la PPR, yaani la plastiki ya kuunganishwa kwa kuchomwa, linaloitwa inchi nusu ni milimita 20 kwa nje, ndani linabaki kama 13 au 14. Kwa lita 6 kwa dakika, mita 15 za bomba hilo hula karibu mita moja nzima ya kimo. Lile la robo tatu, milimita 25 kwa nje, hula kama sentimita 30. La inchi moja, sentimita 10 tu. Mwenye mita 100 za kimo hatagutuka. Mwenye mita 2.4 amepoteza karibu nusu ya utajiri wake njiani. Kwa nyumba inayojengwa sasa, shusha inchi moja kutoka tankini, tembeza robo tatu ndani ya nyumba, na inchi nusu ianzie pale tu bomba linapoachana na wenzake kwenda kwenye koki yake. Tofauti ya bei ni ndogo ukilinganisha na mnara.

Viungio vya PPR vina kosa ambalo halionekani kwa nje. Mashine ya kuchomea huwekwa nyuzi 260 za selsiasi. Bomba la milimita 20 hukaa kwenye mashine sekunde 5, la 25 sekunde 7, la 32 sekunde 8. La 20 huingia kama milimita 14, na kina hicho huwekwa alama ya penseli kabla. Fundi mwenye haraka, au mwenye kuogopa livuje, hulichoma sekunde 10 na kulisukuma mpaka ligote. Plastiki iliyozidi hukimbilia ndani na kufanya pete. Tundu la milimita 13 linabaki la 7 au 8, na mfumo una elbo kumi. Halivuji kweli. Halipitishi maji pia. Dawa yake ni kukata kiungio na kukichoma upya, hakuna siki ya plastiki.

Nyumba za zamani zenye bomba za chuma zina kutu inayokua kwa ndani kama vichuguu. Usilipige nyundo kulisafisha, vipande vitaenda kukaa kwenye kona inayofuata. Vuta bomba jipya.

Na hewa. Ikiwa bomba linapanda juu ya mlango kisha linashuka, linafanya kilima, na hewa hukaa kileleni. Presha kubwa ingeisukuma, mita 2.4 haiwezi. Dalili yake ni maji kuanza vizuri, kukohoa, kupungua, kisha kukata kabisa wakati tanki limejaa. Unganisha mpira wa bustani kutoka koki ya uani ya laini ya mtaa hadi mdomoni mwa koki ya jikoni, ufunge kwa ukanda wa tyubu, fungua ya jikoni kwanza, kisha ya uani kwa dakika moja au mbili. Hewa itarudi tankini ikibubujika, na utaisikia. Hakikisha tanki lina nafasi, na kwamba hakuna valvu ya kuzuia maji kurudi kwenye njia hiyo. Ukimaliza toa mpira palepale, usiuache umeunganisha tanki lako na laini ya mtaa. Dawa ya kudumu ni kulishusha bomba lipite chini ya kizingiti.

## Pampu isiyowaka

Tungeishia kwenye pampu, kama fundi alivyosema, ingekuwaje?

Pampu ndogo za nyumbani zinazojiwasha zenyewe nyingi hutumia swichi ya mtiririko: maji yakianza kutembea, kijiti ndani kinasogea na mota inawaka. Swichi hiyo huhitaji lita 1.5 hadi 2 kwa dakika hivi ili isogee. Jiko lilikuwa linatoa 1.6. Kwa hiyo mtu angenunua pampu, angeifunga, angefungua koki ya jikoni, na pampu ingenyamaza, au ingewaka na kuzima kila sekunde mbili mpaka swichi iungue. Wakati huohuo bafuni ingewaka vizuri kabisa. Fundi angerudishwa. Pampu ingebadilishwa.

Pampu ina mahali pake. Nyumba yenye tanki la chini ya dari, au ghorofa ya pili yenye tanki juu ya bati, haina njia nyingine. Ifungwe baada ya tanki, kamwe isiwe kwenye laini ya mtaa moja kwa moja. Inaponyonya laini ya mtaa, kila ufa wa bomba lililozikwa unageuka mdomo wa kunywea maji ya mtaroni, na jirani anabaki na hewa.

## Koki ya dukani kona

Miksa ikatolewa. Ikawekwa koki ya kawaida ya shaba ya inchi nusu, ile ya shingo ya kugeuka yenye mpira ndani na mkono wa kuzungusha, haina kichujio mdomoni wala kauri. Fleksibo ikabadilishwa, ikawekwa yenye tundu pana. Tepu nyeupe mizunguko 10 kwenye nyuzi, kufuata mwendo wa saa. Kabla ya kuifunga, maji yaliachwa yatiririke kwenye ndoo dakika nzima, na mchanga kiasi cha kijiko cha chai ulikaa chini ya ndoo.

Dakika 1, sekunde 45. Lita 5.7.

Namba tano zimepangwa kwa penseli ndani ya mlango wa kabati, ya mwisho imepigiwa mstari. Miksa imefungwa kwenye gazeti, iko juu ya kabati, kwa kuwa ilinunuliwa kwa fedha na mama hajaamua. Sasa ana lalamiko jipya. Koki hii haina kichujio, maji yakigonga kitako cha sufuria yanamrukia kwenye kanga. Amegundua kwamba akiifungua nusu hayaruki, na hata hiyo nusu inamtosha kupikia.